Mbuzi wa Kujiangalia Ndani

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Wabera, kwenye ukuta wa duka la nafaka, na benchi lenyewe ni kiti cha mbele cha lori lililokufa njia ya Merti. Kiti kilifika mjini, lori halijafika mpaka leo. Ijumaa baada ya swala ndipo tunapojaa. Waliotoka msikitini wanakuja wakiwa wasafi na wapole, na Nanok, ambaye ni Mkristo, anakuja akiwa amepumzika, kwa hiyo anabisha kuliko sisi sote. Huyo tunamwita Injinia kwa sababu anatengeneza simu, na zile zinazomshinda anasema zimestaafu. Kuna Waqo, Daktari, muuza dawa za minyoo ya mbuzi, ambaye maishani mwake hajawahi kukutana na ugonjwa mwingine. Kuna Jattani, Kadhi Mdogo, anayetoa hukumu kwa kesi ambazo hakuna aliyezileta. Na kuna Huqa, dalali wa soko la mifugo, Meneja, kwa sababu ukimuuliza jambo lolote anakuambia atalishughulikia. Kowsar ndiye anayetumiminia kahawa. Kwa muda aliotuvumilia amejifunza kutotusikia. Tukianza upuuzi wetu anatazama barabarani, na ndiyo maana barabara hiyo anaijua vizuri sana.

Ijumaa hiyo Huqa alikuja amenyamaza. Huyu ni mtu anayeweza kukuuzia ngamia kilema ukaenda nyumbani ukimshukuru. Akinyamaza, tunaogopa.

— Salaam aleikum, akasema, akakaa.

— Waleikum salaam. Meneja, nani amekufa? Jattani akauliza.

— Hakuna mtu amekufa. Mulki anaenda Korbesa kesho.

— Kusalimia mama yake? Hiyo si mbaya.

— Anaenda na watoto. Na ile sufuria kubwa.

Tukaweka vikombe chini. Mke akienda kusalimia mama yake hubeba sukari na majani ya chai. Akibeba sufuria kubwa, hizo si salamu tena.

— Umefanya nini, warya? Nanok akauliza.

— Sijafanya kitu. Ndio shida. Ni hii semina ya kikundi cha akina mama. Walikuja watu wa makoti, wakawaambia kila wiki mtu akae chini ajiangalie ndani. Ajiulize, wiki hii nimejua nini juu yangu mimi mwenyewe? Ati hivyo ndio mtu anakua, anafikia potensho yake. Sasa Mulki ameleta hiyo maneno nyumbani. Kila Ijumaa tukimaliza kula, yeye anasema lake, halafu mimi nasema langu.

— Na umekuwa ukisema?

— Ijumaa ya kwanza nikasema, nimejua mimi ni Muislamu, alhamdulillahi. Akaniambia hiyo alijua akiolewa.

— Haki yake, Jattani akasema.

— Ya pili nikasema, nimejua niko na subira. Akacheka mpaka akalia. Halafu akaacha kucheka, lakini kulia hakuacha. Leo asubuhi akaniambia, Huqa, leo usipokuja na kitu ya ukweli, kesho napanda gari ya Merti niende kwa mama. Hakuna vita. Naenda kupumzika tu. Walai, hiyo hakuna vita ndio imenimaliza. Angepiga kelele ningejua nijibu nini.

Akachezea kikombe. Halafu akasema, bila kumtazama mtu:

— Mimi sitaki aende. Naogopa, sitawadanganya.

Sikuwahi kumsikia Huqa akisema neno hilo, hata mwaka ule wa kiangazi alipozika nusu ya kundi la baba yake. Nilimhurumia sana. Bahati mbaya alikuwa amekuja kwetu kutafuta msaada, na sisi tulikuwa tayari kumsaidia.

Jattani akaanza, kama kawaida, kwa kujikuna upara.

— Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sasa nyinyi nisikilizeni. Wamesema afikie potensho. Si ndiyo? Afikie. Mtu hafikii kitu, anafikia mahali. Nimefikia Merti. Nimefikia Korbesa. Hakuna mtu anasema nimefikia kikombe.

— Kwa hivyo potensho ni mahali? nikauliza.

— Lazima. Nafikiri ni upande ya Moyale, ukiacha lami uende kulia. Kuna mzee aliniambia walikuwa wanachunga huko zamani. Nyasi iko, maji hakuna.

— Sasa Mulki anaenda Korbesa kufanya nini?

— Ni njiani.

— Korbesa na Moyale ni njia mbili tofauti, Kadhi.

— Kwa mtu anajitafuta, njia yote ni moja. Na wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ndio maana anaenda kwa mamaye.

Huqa akamtazama kwa matumaini, na hilo likaniuma. Mtu akiwa na shida, hata Jattani anamwamini.

— Wewe wacha kumpoteza mtu, Waqo akasema. Hii kitu ni ya hospitali. Meneja, potensho ni kama majani. Mbuzi anakula, anakula, hanenepi. Nani amekula? Minyoo. Wewe potensho uko nayo mingi sana, lakini huko ndani iko na wenyewe.

— Unajuaje?

— Usiku unasaga meno?

— Mulki anasema nasaga.

— Basi. Akafungua boksi lake, akatoa chupa, akaitikisa. Wewe ni kilo ngapi?

— Waqo, hiyo ni dawa ya mbuzi, nikasema.

— Mbuzi ni nyama, wewe ni nyama.

— Hapa imeandikwa mnyama asikamuliwe mpaka dawa itoke mwilini, Nanok akasoma.

— Basi asikamuliwe.

Kowsar alimimina kahawa, akatazama barabarani.

Nanok akaichukua ile chupa, akaiweka mbali na mkono wa Huqa, nikafikiri sasa amekuja mtu wa akili. Nilikosea.

— Meneja, kwanza tujue tatizo iko wapi. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Kwa nini haoni? Hakuwa na simu. Siku hizi simu iko na kamera mbele na kamera nyuma. Mimi nakuwekea simu mbili, moja kifuani, moja mgongoni, Jumamosi mpaka Alhamisi. Ijumaa unakaa na Mulki mnaangalia pamoja. Hiyo ndio kujiangalia.

— Amesema kujiangalia ndani, nikamkumbusha. Ndani. Simu yako itaona shati.

Nanok akaweka kikombe chini pole pole, na nikajuta kufungua mdomo, kwa sababu niliona kwenye uso wake kwamba neno limeingia mahali ambapo halikukusudiwa.

— Ndani, akasema. Kumbe ni ndani.

— Ndani, Waqo akasema naye.

Wakatazamana, Mturkana na Mborana, watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya sukari.

— Matumbo, wakasema pamoja.

Mgeni anaweza kushangaa, lakini hapa kwetu mtu akisema ameangalia ndani, hatuulizi ndani ya nini. Ni ndani ya mbuzi. Wazee wanapasua, wanatandaza matumbo juu ya ngozi, wanainama, na wanakuambia kama mvua iko njiani au ni adui. Hao watu wa makoti, wakitoka huko walikotoka, hawakujua wanasema neno gani kwa watu gani.

— Mjomba wangu Ekuam yuko hapa Chechelesi, Nanok akasema, na sasa alikuwa amesimama. Akifungua matumbo anaona kila kitu. Aliona mvua. Aliona wezi wa ng'ombe. Aliona shangazi yangu anakuja na hakuwa amepiga simu.

— Lakini nyinyi mnaanzia kulia, Waqo akasema. Ndio maana mnaona vita kila saa. Sisi wazee wetu wanaanzia kichwa ya utumbo.

— Utumbo hauna kichwa, Daktari. Hata wewe wa minyoo unajua.

— Kadhi, nikasema, wewe uliyetoka msikitini saa hii, hii ni sawa?

Jattani akafumba macho.

— Kupiga ramli ni haramu. Hiyo hakuna ubishi. Lakini kama imeletwa na semina, hiyo si ramli. Hiyo ni mafunzo.

Huqa alikuwa amesikiliza yote hayo akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

— Sasa mnataka kunipasua mimi?

— Hapana, Meneja, Nanok akasema kwa upole, kama anayetuliza mteja. Unachukua mbuzi anakuwakilisha. MP wako anafanana na wewe? Na si anakuwakilisha? Tena huyu mbuzi tutatafuta anafanana.

— Kila Ijumaa mbuzi? nikauliza. Mwisho wa mwaka atakuwa amejijua sana na hana mbuzi hata mmoja.

— Haba na haba hujaza kibaba, Jattani akasema.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Itaonekana.

Nanok alikuwa tayari kwenye simu. Alimpigia binamu yake anayeuza mbuzi, Akaale, ambaye sisi wengine tulikuwa hatujawahi kumwona.

— Nataka dume, akamwambia. La makamo. Lifanane na Huqa, yule dalali wa sokoni. Eeh, huyo. Ako na maneno mingi lakini si mbaya. Hapana, usilete mzuri sana.

Tulipokuwa tukingoja, mambo yaliharibika zaidi. Waqo alisema mbuzi apewe dawa kwanza ili minyoo yake isichanganywe na tabia za Huqa. Jattani akasema afadhali mbuzi alale nyumbani kwa Huqa siku chache ayaone mambo yenyewe, asije akatoa ushahidi wa kusikia. Nanok akasema huo muda haupo, Mulki anaondoka kesho, kwa hiyo mbuzi apewe muhtasari. Na Huqa, mtu mzima, baba wa watoto, akamuuliza muhtasari atapewa kwa lugha gani.

— Huko ni kumpigia mbuzi gitaa, nikasema.

— Hatumpigii gitaa, Nanok akasema. Tunamsoma. Hiyo ni tofauti kubwa.

Akaale akafika kwa boda, mbuzi amempakata mapajani, miguu yake imekunjwa vizuri kama ya abiria aliyezoea safari. Mwanamke mnene kidogo, shanga shingoni, uso wa mtu asiyependa kupotezewa saa. Akamshusha mbuzi. Mbuzi akasimama mbele yetu, akakohoa, akatukagua mmoja mmoja, halafu akaanza kutafuna ncha ya kikoi cha Jattani huku akimtazama machoni.

— Ni yeye, Waqo akasema. Hata kukohoa ni hivyo.

— Habari zenu, wazee, Akaale akasema. Nani ananunua? Na ni ya kazi gani? Kama ni ya wageni, huyu ni mgumu. Nina mwingine.

Tukamweleza, sote kwa wakati mmoja. Tukamwambia semina, na Ijumaa, na mama anasema lake halafu mzee anasema lake, na sufuria, na mjomba Ekuam, na minyoo, na Moyale. Jattani aliongeza hukumu yake ya mafunzo. Akaale alisikiliza huku akimvuta mbuzi kutoka kwenye kikoi, na uso wake haukuonyesha kitu.

— Ngojeni, akasema. Nielewe, ndio nijue kama mbuzi inauzwa ama haiuzwi. Kila Ijumaa mama anaanza, anasema lake?

— Ndiyo.

— Halafu mzee anafuata?

— Ndiyo, ndio hapo kuna shida, Huqa akasema. Langu linakataliwa.

— Hiyo nimesikia. Ijumaa imepita, yeye alisema nini?

Huqa akafungua mdomo. Ukabaki hivyo. Jattani, ambaye ana jibu la kila kitu mpaka bei ya ngamia Somalia, akaanza kukunjua kikoi chake kilichotafunwa. Waqo akasoma maandishi ya chupa. Kowsar akaacha kutazama barabara. Akamgeukia Huqa, birika mkononi, na akangoja kama sisi.

— Alisema, Huqa akasema. Alisema kitu.

— Kitu gani?

— Ilikuwa fupi.

— Na Ijumaa ya kwanza?

— Hiyo ilikuwa ndefu kidogo.

Akaale alimtazama Huqa, halafu akamtazama mbuzi, nikaona anapiga hesabu zake na biashara inamponyoka.

— Mpigie, akasema.

Simu ya Huqa, tangu Nanok airekebishe, inaongea kwa spika tu, na hakuna namna ya kuizuia. Kwa hiyo tulisikia sote ikilia upande wa pili, halafu tukasikia kitunguu kikikaangwa, mwiko ukigonga sufuria, mtoto akiitwa aache maji.

— Haye, Huqa. Kuna nini?

— Mulki. Ijumaa imepita. Wewe ulisema nini? Lako.

Mwiko ukaacha kugonga.

— Unauliza ya nini?

— Nimesahau, Huqa akasema. Hapana. Sijasahau. Sikusikia.

Kitunguu kiliendelea peke yake. Nilifikiri Mulki ameiacha simu akaondoka, kisha sauti yake ikaja, ya kawaida kabisa, ya mtu anayesema bei ya maziwa.

— Nilisema siku hizi kwa hii nyumba sina sauti.

— Na mimi nikasema nini?

— Ukasema nikunywe maji moto na tangawizi.

Waqo akavuta pumzi, na ninajua alitaka kusema tangawizi kweli inasaidia. Nanok akamkanyaga mguu. Huqa alikaa ameshikilia simu mbele ya uso wake kwa mikono miwili. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilishindwa kujua kipi kianze.

— Na ukakunywa? akauliza kwa sauti ndogo.

— Nilikunywa.

Hapo ndipo Huqa alipoumia. Nilimwona. Laiti Mulki angesema hakunywa, laiti angetukana, Huqa angepata mahali pa kushika. Lakini alisema hana sauti, akapewa tangawizi, akaenda jikoni akachemsha maji, akanywa, akalala.

— Mulki, usiende kesho.

— Mimi sijui kama naenda. Wewe lako la leo ni gani?

Nanok akaonyesha mbuzi kwa kidole. Jattani akanong'ona, mwambie potensho ni upande ya Moyale. Huqa akamsukuma Jattani kwa kiwiko mpaka kikombe kikamwagika.

— Langu bado, akasema. Nakuja nikusikize kwanza. Yote. Hata ile ndefu.

Mwiko ukaanza tena.

— Chakula inakaribia kuiva, Mulki akasema, na simu ikakatika.

Hatukujua kama hiyo ni ndiyo au ni hapana. Huqa naye hakujua, lakini alikuwa ameshasimama. Hakuaga. Alipita mbele ya mbuzi bila kumtazama, akavuka barabara katikati ya boda mbili zilizompigia honi, akaenda kwa zile mbio za watu wazima ambao hawataki kuonekana wakikimbia.

— Kwa hivyo mbuzi hamtaki, Akaale akasema.

Akakaa mahali pa Huqa, akachukua kahawa iliyobaki, mbuzi akalala miguuni pake.

— Semina zinaharibu watu, Jattani akasema baadaye, huku akikausha kikoi. Zamani hakuna mtu alikuwa anaulizwa mambo yake ya wiki. Daktari, mke wako pia alienda?

— Wangu? Waqo akasema. Wangu hana shida. Wangu huwa ananyamaza tu.

Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Hakikufika. Waqo akakitazama, akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anayengoja mtu abishe. Kwenye kijiwe kile hakuna siku mtu alikosa kubisha, ila siku hiyo. Mwishowe akafunga boksi lake la dawa, akajipapasa mifuko.

— Nani ako na kredo ya simu? akauliza.